Datsun 240Z: gari lililoshinda Safari, likipimwa kwa hewa ya chumvi ya Tanga

Datsun 240Z haikushinda mashindano ya magari ya Safari kwa nguvu. Kiwandani lilitoka na farasi 151, na nguvu hizo leo utazikuta kwenye gari la kawaida la familia. Lilichokuwa nacho ni injini isiyochoka, matairi manne yanayokanyaga kila moja kivyake, na vipuri vilivyopangwa mahali ambapo mkono wa fundi unafika bila kubomoa nusu ya gari. Kwa mashindano ya siku kadhaa kwenye tope la masika na vumbi la nyika, hayo yalikuwa na thamani kuliko mbio.

Kwa hiyo anayetaka kulinunua leo na kuliweka Tanga tunamwambia mapema: mitambo ya gari hili haina haja ya kuogopwa. Cha kuogopa ni bati lake. Barabara ya Muheza kupanda Amani haitaliua. Litakalolikondesha ni upepo wa kusi unaoingia Raskazone na Sahare ukiwa umebeba chumvi.

Tuanze na heshima yake. Nissan, wenye jina la Datsun, waliliingiza sokoni mwishoni mwa 1969, na Marekani bei yake ilikuwa dola 3,526, wakati magari mengi ya Ulaya ya aina hiyo yaliuzwa ghali zaidi. Pasaka ya 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walilichukua likashinda East African Safari, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta. Miaka hiyo Safari ilikuwa ya Afrika Mashariki kweli, haijabaki Kenya peke yake, na Watanzania walikuwa na jina lao la kutaja: Bert Shankland, mkazi wa nchi hii, alikuwa ameshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1973 240Z ikarudi kileleni, Mehta akiwa na Lofty Drews. Safari hiyo walimaliza sare na Datsun nyingine ya Harry Källström, ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare. Mehta, aliyezaliwa Uganda, baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, lakini kwa Datsun Violet (160J).

Nje ya Afrika lilifanya kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kwenye barafu ya mashindano ya Monte Carlo, Rauno Aaltonen alilifikisha nafasi ya 5 mwaka 1971 na ya 3 mwaka 1972, mara hiyo ya pili msomaji wake wa njia akiwa Jean Todt. Na kwenye viwanja vya lami vya Marekani, John Morton wa timu ya BRE alitwaa ubingwa wa daraja la C Production 1970 na 1971, kisha Bob Sharp akauchukua 1972 na 1973. Gari moja, barafu, lami na tope. Ndiyo maana tunaliweka katika magari ya kustahimili, japo umbo lake ni la starehe.

Injini ya L24

Ni silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7. Ukichukua injini ya L16 ya Datsun 1600 ukaiongezea silinda 2, unapata L24 hasa. Vipimo vya silinda ni vilevile, ndiyo sababu ringi za milimita 83 zinaweza kutafutwa kwa majina mawili. Bloku ni ya chuma cha kalibu, hedi ni ya aluminiamu, na krankishafti inakaa juu ya beringi 7, yaani kila silinda imeshikwa pande zote mbili. Hapo ndipo uimara wake ulipo. Injini ya silinda 6 yenye beringi 4 huanza kupinda krankishafti ukiikimbiza muda mrefu, hii haipindi kwa matumizi ya barabarani. Kwenye mashindano ya Marekani, kwa mizunguko ya juu sana, krankishafti za mwanzo zilitetema mpaka Nissan wakatengeneza nyingine. Anayeendesha Tanga hadi Segera hatafika huko.

Kuna jambo moja la maumbile ya injini hii ambalo kwa joto letu lazima lieleweke. Hewa inaingilia na moshi unatokea upande uleule wa hedi. Maana yake kabureta mbili zinakaa juu ya manifoldi ya ekzosi, kama sufuria juu ya jiko. Gari likitembea upepo unapoza. Likizimwa baada ya safari ndefu, joto linapanda, petroli iliyo kwenye vikombe vya kabureta inachemka, na dakika 10 au 15 baadaye ukiliwasha linasumbua: linakohoa, linazima, linanuka petroli. Fundi asiyelijua atabadilisha plagi, atabadilisha koili, na atakula pesa za watu bure. Dawa ni tatu na zifanywe pamoja. Bamba la kukinga joto kati ya ekzosi na kabureta liwepo na lisiwe limetoboka. Mpira wa petroli unaopita karibu na injini uvishwe kizuia joto. Na bomba la kurudisha petroli kwenye tanki liwe wazi, kwa sababu ndilo linalofanya petroli izunguke badala ya kutuama ikachemka. Hilo la tatu ndilo husahaulika, wengine hata huliziba kwa bolti.

Kabureta zenyewe ni rahisi kuliko sifa yao mbaya. Zile zenye kifuniko cha duara, za hadi 1972, ndizo za kutafuta. Za 1973 zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina kifuniko bapa na vikorokoro vya kupunguza moshi, na wenye magari wengi walizing'oa wakarudisha za mwanzo. Kuziseti, pandisha nati ya chini ya kila kabureta mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko 2 na nusu, hapo ndipo pa kuanzia. Weka oili nyepesi kwenye kile kikombe cha juu, namba 20 inatosha. Kikombe kikiwa kikavu pistoni ya kabureta inaruka haraka mno, na gari linasita ukikanyaga mafuta ghafla. Sawazisha kabureta mbili kwa kusikiliza mvumo wa hewa kwa kipande cha mpira kilichowekwa sikioni, mpaka sauti zilingane. Kabla ya yote hayo, tapeti (mwanya wa valvu) na platini (vigusa umeme ndani ya disitributa) viwe vimesetiwa, la sivyo unarekebisha kabureta kwa kosa la kitu kingine.

Tapeti injini ikiwa baridi: milimita 0.20 upande wa hewa, 0.25 upande wa moshi. Ikiwa moto: 0.25 na 0.30. Nati ya kufunga ni spana 17, ya kuzungusha ni 14. Platini mwanya wake ni kati ya 0.45 na 0.55. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na disitributa inazunguka kinyume cha saa. Ukipanga waya za plagi kwa mazoea ya gari lingine, itapiga risasi kwenye ekzosi.

Ukishafungua kifuniko cha tapeti, usikifunge kabla hujaangalia mafuta ya kamshafti. Injini nyingi za L24 zina bomba jembamba lililolala juu ya kamshafti, lenye matundu yanayonyunyizia oili kila jino. Viungo vya bomba hilo hulegea, matundu huziba kwa masizi. Jino lisilopata oili linalika mpaka valvu haifunguki sawasawa, na gari linapoteza nguvu taratibu bila kelele kubwa. Zungusha injini kwa stata na hakikisha meno yote 12 yanaloa. Ni kazi ya dakika 5 na inaokoa kamshafti nzima.

Halafu kuna kosa ambalo mafundi hulifanya mara moja tu maishani, kwa sababu likishatokea halisahauliki. Ukitaka kung'oa hedi, cheni ya taimingi lazima ibanwe kwa kabari ya mbao iliyopitishwa juu, kabla ya kufungua gia ya kamshafti. Bila kabari, cheni inalegea na kile kikaza-cheni kinachosukumwa na oili kinachomoka kutoka mahali pake huko chini. Hakirudi bila kufungua kifuniko chote cha mbele pamoja na sampu. Kazi ya siku moja inakuwa ya wiki. Chonga kabari kabla hujashika spana. Mbao ngumu, ifungwe kamba ili isije ikatumbukia.

Maji ya rejeta: usitumie ya kisima. Maji ya visima vya pwani yana chumvi na chokaa. Chokaa inajenga ganda ndani ya bloku, chumvi inakula aluminiamu ya hedi kuzunguka matundu ya maji, na gasketi mpya haitashika juu ya uso uliolika. Tumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, pamoja na kipoza-injini chenye dawa ya kuzuia kutu, na kibadilishwe kila baada ya miaka 2. Gari likichemsha hata mara moja, hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka kabla ya kufungwa tena. Bolti za hedi ni 14, zikazwe kwa hatua 3 kutoka katikati kwenda pembeni. Kabla ya kununua, pima mgandamizo wa silinda zote 6: ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu.

Bodi, na hapa ndipo pesa zinapotea

Kikulacho ki nguoni mwako. 240Z inalika kutoka ndani, na rangi inaweza kung'aa wakati chini yake hakuna kitu. Nissan walitumia bati jembamba ili gari liwe jepesi, kiasi cha kilo 1,040 hivi, na kinga ya kutu ya wakati ule ilikuwa duni. Gari lililokaa sehemu kavu ya Marekani au Australia linaweza kuwa zima. Likiletwa Tanga bila kukingwa, usitegemee lidumu.

Anza chini ya betri. Asidi ikidondoka inakula sahani ya betri, inashuka kwenye ukuta wa injini, kisha kwenye reli ya chesisi iliyo chini yake. Inua zulia uguse sakafu kwa bisibisi, pande zote mbili, hasa pale miguu ya dereva inapokaa. Pita chini uangalie zile reli mbili zinazotoka mbele kwenda nyuma. Zikiwa zimekunjamana kwa kunyanyuliwa na jeki mahali pasipofaa, maji yanaingia na hayatoki. Angalia bati la mbele ya matairi ya nyuma, kingo ya chini ya mlango wa nyuma, ndani ya vikombe vya taa za mbele, na pale chini ya kioo cha mbele ambapo maji ya mvua hushukia. Hapo pana njia ya kutolea maji. Ikizibwa na majani ya mwarobaini au mkungu, bwawa linajificha na bati linaoza bila wewe kuona. Ukiona zulia la mbele limeloa baada ya mvua, sababu iko hapo.

Chukua sumaku ndogo. Pasipovuta ni puti, na puti nene kwenye kizingiti cha mlango ni sababu ya kuondoka, hata bei ikiwa nzuri. Viraka vya kuchomelea juu ya kutu havisaidii, kwa sababu joto la kuchomelea linaunguza kinga iliyobaki upande wa pili. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka bati safi, kiraka kichomelewe, kisha nta au oili nzito ipulizwe ndani ya reli na vizingiti. Kwa mwenye nyumba karibu na bahari, chini ya gari paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, na upuliziaji urudiwe kila mwaka kabla ya kusi kuanza. Hili si la hiari.

Moshi kuingia ndani ni lawama nyingine ya kweli. Gari linavuta hewa nyuma yake, na moshi wa ekzosi unapenya kwenye mpira wa mlango wa nyuma na kwenye gasketi za taa. Magari ya mwanzo yalikuwa na matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma wenyewe, baadaye yakahamishiwa kwenye nguzo za pembeni. Kwa joto la hapa watu hushusha vioo, na kushusha vioo ndiko kunakozidisha. Badilisha mpira wote na gasketi za taa kwa pamoja. Nusu haisaidii.

Chini ya gari

Mpangilio wa miguu ya 240Z ndio uliolifanya lipendwe kwenye njia mbovu. Kila tairi lina springi na shokapu lake, mbele na nyuma, na steringi ni ya meno, inayokupa habari za barabara mikononi. Kwenye kona za Soni hadi Lushoto hutakosa kutabasamu.

Nyuma kuna ugonjwa mmoja wa kujiandaa nao. Mkono wa chini umeshikwa na pini ndefu inayopita kwenye bushi mbili, na pini hiyo hushikana na chuma kwa kutu mpaka nyundo na moto vinashindwa. Ukanda wa pwani unalifanya baya zaidi. Kabla ya kufungua, mwagia mafuta ya kupenya siku kadhaa, na agiza pini mpya mapema maana huenda ya zamani ikakatwa. Unapofunga mpya, ipake grisi nzito.

Difu ni ya R180. Inachukua takribani lita 1 ya oili ya gia ya daraja la GL-5. Kwenye giaboksi weka GL-4, kwa sababu ringi za shaba za ndani huliwa na baadhi ya oili za GL-5. Kishindo unachokisikia ukiachia klachi kwa kawaida si difu yenyewe, ni mpira wa mbele unaoishikilia, uliopasuka. Kagua na krosi za shafti za pembeni. Magari ya mwanzo yalikuwa na shafti zilizokaa kwa pembe, kisha katikati ya 1971 difu ikasogezwa nyuma milimita 35 zikanyooka. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua la baada ya hapo.

Breki za mbele ni diski, nyuma ni madramu. Za kiwandani zinatosha kwa mwendo wa kawaida, lakini kaliper za Toyota Hilux 4x4 za 1979 hadi 1985, zenye pistoni 4, zinafunga moja kwa moja juu ya diski za asili. Ukate kidogo kinga ya vumbi na ukunje upya bomba la breki. Hiki ndicho kibadala tunachokipenda kuliko vyote, kwa sababu vipuri vya Hilux havina shida ya kupatikana. Pedali itashuka zaidi kuliko zamani, kwani pistoni nyingi zinataka mafuta mengi. Silinda kubwa ya breki ya inchi 15/16 badala ya 7/8 inairudisha pedali sawa.

Rimu ni za bolti 4, milimita 114.3. Tairi 195/70 R14 linakaa vizuri. Usikubali 195 R14C la Hiace hata kama ni la bei rahisi: ni refu zaidi, ni gumu, na gari jepesi hivi litadundadunda badala ya kushika.

Umeme haudai mengi, isipokuwa taa. Umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya steringi, na swichi hiyo inaungua, na fyuzi zake zinayeyusha kibanda. Weka rilei 2, umeme mzito utoke moja kwa moja kwenye betri. Viungo vyote vya waya visuguliwe na kupakwa grisi ya umeme, kwani kutu ya kijani hapa inaota ndani ya miezi.

Lipi la kununua

Soma kibao cha namba. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, inayotufaa. HLS30 ni ya usukani wa kushoto, na nyingi za Marekani ndizo hizo, mara nyingi na gia 4, wakati masoko mengine yalipewa gia 5. S30 bila H ni Fairlady Z ya Japani yenye injini ya L20, lita 2. Umbo ni lile lile na bei hupandishwa kana kwamba ni 240Z, hivyo namba ya injini kwenye bloku isomwe kwa macho na si kwa picha. Lenye L28 si kosa ikiwa muuzaji amelisema. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 2,753 iliwekwa hata kwenye Nissan Patrol za zamani, inaingia bila kukata chochote, na inavuta vizuri zaidi mlimani. Kwa anayetaka gari la kumbukumbu ya Safari, hata hivyo, L24 ndiyo yenyewe.

Kabla ya kulipa, jumlisha na ushuru wa uchakavu, maana gari la umri huu linaubeba wote. Kati ya gari lenye injini mbovu na bodi safi, na lenye injini nzuri na bodi iliyooza, chukua la kwanza bila kusita. Injini ya L24 inafumuliwa na kufungwa upya Ngamiani kwa vipimo vilivyoandikwa hapa. Reli ya chesisi iliyooza inataka mtu wa bati mwenye mkono wa pekee, na wa namna hiyo ni wachache mjini.